Miiba ya Kumzuia Bwana Harusi

Wiki iliyopita stima ilipotea mtaani kwetu, na kijana anayenipigia nguo pasi akatoa pasi ya makaa kutoka chini ya meza. Nilikuwa nimesimama pale nikingoja blauzi. Aliponyunyizia kitambaa maji na kukigandamiza, mvuke ulinipanda puani, harufu ya nguo mbichi, makaa na moshi kidogo, nikajikuta nacheka peke yangu. Kijana akanitazama. "Kuna kitu, madam?" Nikamwambia hakuna. Ningemwelezaje kwamba kwangu hiyo ni harufu ya harusi, tena si harusi yangu bali ya mama yangu, na kwamba mimi nilikuwepo, nimevaa gauni la manjano na meno ya mbele sina?

Wa rika langu waliokulia Ukambani hawatashangaa. Wengi wa wazazi wetu walikutana, wakapendana, wakaanza maisha. Harusi ikawa jambo la baadaye, na hiyo baadaye ikafika watoto wakiwa wameshaanza shule.

Tuliishi Mutomo. Baba alikuwa na mashine ya kusaga unga pembeni mwa soko, na kwa sababu hiyo sikumwona akiwa na rangi moja tangu asubuhi hadi jioni. Alitoka nyumbani mweusi akarudi mweupe: nyusi nyeupe, kope nyeupe, unga hadi ndani ya masikio. Mashine ile ilinguruma siku nzima, na yeye alikuwa amejifunza kuongea juu ya mngurumo wake, kisha akasahau kuongea kwa namna nyingine. Akimnong'oneza Mama jambo la siri, majirani walilijua kabla hajamaliza. Mama alikuwa na kibanda cha chai na mandazi karibu na lango la hospitali. Kaka yangu Kyalo alikuwa na miaka kumi na alijua kila kitu. Mimi nilikuwa nimeanza shule juzi tu na nilijua kile Kyalo alichoniambia.

Nyumbani tulizungumza Kikamba. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule, ya kanisa, na ya Bi Salama fundi wa nguo, ambaye watu wake walitoka pwani zamani wakifuata biashara. Kwa hiyo maneno yote ya harusi yalinifikia kwa Kiswahili, na yakanifikia vibaya.

Yalianza mchana mmoja Pastor alipokuja kunywa chai. Nilikuwa nyuma ya pazia linalogawa nyumba, nachezea vifuniko vya soda. Akina mama wa kanisa walikuwa wamemchagua Mama awe kiongozi wao, na Pastor alikuja kumweleza kikwazo.

"Mama Kyalo, sisi tunakupenda," alisema. "Lakini kiongozi hawezi kukaa tu hivi. Hata meza ya Bwana hukaribii. Lazima uolewe."

Nikaacha vifuniko. Nikatega sikio nimsikie Mama akikataa.

Mama akacheka kwa aibu. "Ni sawa, Pastor," akasema. "Hata mimi nimengojea hiyo siku sana."

Amengojea sana! Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikamtafuta Kyalo, nikamkuta juu ya tangi la maji amening'iniza miguu.

"Mama anaolewa," nikamwambia. "Na nani?"

Kyalo alinitazama kwa muda. Sasa najua kwamba wakati ule alikuwa anapima bahati yake. "Na Bwana Harusi," akasema.

"Bwana Harusi ni nani?"

"Kwani humjui? Yule wa suti nyeusi. Anakujanga na gari iko na maua. Akishachukua mtu, basi."

Nilimjua. Nilikuwa nimeona harusi kadhaa zikipita pale sokoni, na katika kila moja palikuwa na mtu wa suti nyeusi ndani ya gari la maua, na kando yake mwanamke mwenye nguo nyeupe akijipangusa machozi. Haikunijia hata mara moja kwamba walikuwa watu tofauti. Kwangu alikuwa yule yule, mtu mwenye kazi yake ya kuzunguka akichukua wanawake, kama lori la Mwingi lilivyozunguka likinunua mbuzi. Na kanisani kila mtu alikuwa akisema Bwana hivi, Bwana vile, Bwana anakuja. Sasa nikaelewa anakuja kufanya nini.

"Baba anajua?" nikauliza.

"Usimwambie Baba," Kyalo akasema haraka. "Utamvunja moyo. Mimi nitakuwa naangalia barabara. Nikimwona Bwana Harusi, nakuita. Lakini siwezi kuangalia barabara na niko na vyombo za kuosha."

Kuanzia siku hiyo niliosha vyombo vyake na vyangu.

Haukupita muda, asubuhi moja Baba akaamka mapema, akaoga wakati ambao hakuwa akioga, na pamoja na ndugu zake wakapakia mbuzi kwenye pikapu. Hao walikuwa mbuzi wa ntheo, wale wa kwanza kabisa ambao Mkamba huwapeleka kwa wazazi wa msichana ili ijulikane kwamba ameoa. Baba hakuwa amewapeleka. Kila mwaka alisema mwaka ujao, na kila mwaka mvua ilifanya mambo yake au mashine ikakatika mkanda. Wazazi wa Mama walikaa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kibwezi, na Susu, yaani bibi yangu mzaa mama, alipokuja kututembelea alikaa nje kwenye kigoda na chupa yake ya uji aliyotoka nayo kwake. Chakula cha nyumba yetu hakukigusa, hata chai. Nilidhani ana ugonjwa wa tumbo, kumbe mama mkwe hali katika nyumba ya mkwe ambaye hajapeleka ntheo.

Hakuna aliyenieleza haya. Nilichoona mimi ni kwamba Baba anapeleka mbuzi kwa Susu, na nikafikiri: ameshajua. Ameshajua habari ya Bwana Harusi, na sasa anakwenda kuwabembeleza wazee wamkatalie. Nilisimama barabarani nikawapungia mkono mbuzi wale hadi vumbi likawameza. Sijawahi kuwaombea wanyama namna ile.

Jioni pikapu ilirudi tupu, na tulimsikia Baba kabla hatujaona taa zake.

"Wamekubali!" alikuwa akipaza sauti tangu kwenye kona. "Mama Kyalo! Wamekubali!"

Mama akatoka jikoni mikono imejaa unga wa chapati, akajifunika uso kwa mikono hiyo hiyo, akalia, na mimi nikaruka ruka uani nikiimba wimbo usio na maneno. Tumeshinda. Nikamwambia Kyalo vyombo vyake sasa aoshe mwenyewe.

"Ngoja kwanza," Kyalo akasema. "Usiache mapema."

Kesho yake Mama alinichukua tukaenda kwa Bi Salama.

Chumba cha Bi Salama ndicho chenye ile harufu. Pasi ya makaa ilikaa kwenye kigae karibu na mlango, kitambaa cheupe kimetandazwa mezani, na yeye mwenyewe na utepe wake wa kupimia shingoni na pini mdomoni, akizungumza kupitia katikati ya pini bila kuangusha hata moja. Alimpima Mama mabega, kiuno, mpaka kwenye kifundo cha mguu. Akamzungusha.

"Na shela tutaishusha mpaka hapa," akasema, akigusa kidevu cha Mama. "Bwana harusi ndiye wa kuifunua. Si mtu mwingine, umesikia?"

Bwana Harusi bado anakuja! Na kuna Sheila pia. Mimi nilimjua Sheila mmoja tu, wa darasa letu, na alikuwa anauma watu.

Mama akakimbia kuangalia chai yake kibandani, akaniacha nikiokota pini. Nilijikaza.

"Bi Salama, Bwana Harusi ni mkali?"

"Mkali? Yule?" Bi Salama akacheka. "Hata kuku akiingia ndani hamfukuzi."

"Atakuja na gari?"

"Na maua mbele, inshallah."

"Halafu ampeleke Mama wapi?"

"Ee, mwanangu, kuna fungate! Kwetu sisi, bi harusi siku saba hatoki nje. Anakaa ndani na mumewe, anapikiwa, anasingwa kwa manukato, anakula vinono."

Nilichosikia mimi ni kwamba watamfungia. Funga geti.

"Na sisi?"

"Nyinyi mtakaa na bibi yenu."

"Na Baba?"

Hapo Bi Salama alicheka mpaka akatoa pini zote mdomoni. "Baba yako na mashine yake! Wallahi siku hiyo asipofika kanisani kwa wakati, nitamfuata mwenyewe huko kwenye unga wake, nimlete mzobemzobe."

Nilirudi nyumbani mbio. Si kwamba watamchukua Mama tu. Watamleta Baba kwa lazima aje atazame.

Jumapili iliyofuata Pastor alisimama na kusema ana tangazo. "Kuna ndoa kati ya ndugu Dominic Nzau na dada Beatrice Mumo. Leo tunatangaza mara ya kwanza. Mwenye pingamizi lolote alilete kwa mchungaji."

Beatrice nilimjua. Lilikuwa jina la Mama la kliniki, nililisikia alipoitwa kwenye foleni. Huyo Dominic sikumjua. Baba hakuitwa hivyo na mtu yeyote. Majirani walimwita Baba Kyalo, na sokoni walimwita Mashine. Kwa hiyo Bwana Harusi alikuwa na jina lake, kama mtu yeyote. Niligeuka nimtazame Baba, nione atafanya nini. Alikuwa anatabasamu. Watu wa benchi la nyuma walimpigapiga bega na yeye alikuwa anatabasamu mpaka meno ya mwisho, na nikawaza kwamba katika Mutomo yote hakuna mtu jasiri kama Baba yangu.

"Pingamizi ni nini?" nilimuuliza Kyalo tukitoka.

"Ni kitu ya kuzuia," akasema. "Ukiweka pingamizi, harusi haipiti."

Aliyasema bila kufikiri, huku anatafuna muwa. Lakini mimi hatimaye nilikuwa nimepata la kufanya. Pastor alisema aliye nalo alilete. Basi ni kitu cha kubebwa. Nilizunguka nyumba yetu nikitazama ni vitu gani vinazuia. Kwetu kila kitu kilizuiwa na miiba. Boma la mbuzi lilifungwa kwa matawi ya mgunga, mboga za Mama zilizungushiwa miiba, hata choo cha zamani kilichobomoka kilizibwa kwa miiba tusitumbukie. Miiba ile ilikuwa mirefu kama vidole vyangu, myeupe, na hakuna aliyebishana nayo, si mbuzi, si ng'ombe, si mtu.

Siku zikasogea. Nyumba ikajaa wanawake, sufuria za kuazima na vicheko. Mimi nilishonewa gauni la manjano na kuambiwa nitamtangulia Mama nikimwaga maua ya karatasi, yaani bogenvilia, yaliyochumwa kwenye ua wa shule. Nilikubali kila kitu. Nilikuwa na mpango wangu.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, Baba alitoka chumbani na begi. Ndani nilimwona ametia nguo, viatu, na taulo. Alikuwa anakwenda kulala kwa rafiki yake, kama ilivyo desturi ya bwana harusi, lakini nani angenieleza hayo katikati ya zile sufuria? Mimi niliona Baba anahama. Nikamshika mguu nikaung'ang'ania.

Akadhani nataka kubebwa. Akaniinua juu, akanipaka unga shavuni kwa ndevu zake. "Katunge!" akaninong'oneza, na wanawake wote jikoni wakageuka. "Tuonane kesho kanisani!"

Hata sikulia. Nilikuwa na kazi.

Alfajiri, wanawake wakiwa wanawasha moto nyuma ya nyumba, niliteremka kwenye boma nikavuta tawi la mgunga lililokuwa mlango. Lilikuwa kubwa kunishinda, nikalivuta kinyumenyume hadi langoni, nikarudi kuchukua jingine. Mikono ilinichanika kidogo. Nikayapanga ardhini pale magari yanapoingilia, nikayafunika kwa majani ya mahindi ili Bwana Harusi asiyaone akaruka. Kisha nikaenda kuogeshwa na kuvalishwa gauni la manjano kama mtu asiyejua lolote.

Gari lilikuja jua likiwa limepanda. Lilikuwa la mwalimu mmoja, limeoshwa linang'aa, mbele limepambwa kwa maua ya karatasi mekundu na utepe mweupe. Wanakwaya walikuwa wakiimba mbele yake, wakagawanyika kupisha, na dereva, ambaye alikuwa anapunga mkono kama mbunge, akaingia langoni.

Tukasikia sss. Kisha sss nyingine.

Watu wote wakaanza kuongea pamoja. Dereva akashuka akashika kichwa. Gurudumu la mbele limelala, la nyuma limelala, na gurudumu la akiba lilikuwa moja. Wakiwa bado wanabishana nani aliyeacha miiba langoni, mbuzi walitokea. Nilikuwa nimewaondolea mlango, na sikuwa nimefikiria kwamba mlango huzuia pande zote mbili. Walikuja taratibu, wote, wakalizunguka gari, na yule beberu mkubwa akapanda miguu ya mbele juu ya boneti akaanza kula maua.

"Maua! Maua!" wanawake wakapiga kelele. Mmoja akavuta utepe upande huu na beberu akavuta upande ule, na beberu akashinda.

Mimi nilisimama kando na kikapu changu, nikijizuia nisicheke. Pingamizi langu limefanya kazi.

Ndipo Mama akatoka mlangoni. Nilikuwa nimemwona Mama kila siku ya maisha yangu na sikujua kwamba yuko hivyo. Nguo nyeupe ya Bi Salama ilimshuka hadi chini, shela imemfunika uso, na nyuma ya shela ile nyepesi niliona macho yake yakilitazama gari, mbuzi, na magurudumu. Midomo yake ikaanza kutetemeka. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile nikahisi kwamba huenda nimefanya jambo ambalo sikulielewa vizuri.

Susu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake palepale nje. Akainuka, akajifunga leso kiunoni.

"Kanisa ni wapi?" akauliza.

"Ni kule chini, mwaitu," mtu akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba. "Karibu na soko. Lakini bibi harusi hawezi kutembea."

"Hawezi? Miguu yake ni mgonjwa?" Susu akasema. "Mimi nilienda kuolewa na miguu, na mto ulikuwa umejaa. Shikeni nguo hiyo."

Na hivyo ndivyo Mama alivyokwenda kuolewa. Wanawake wawili walinyanyua nguo nyuma isiguse vumbi, Bi Salama akamshikia mwavuli huku bado ana pini mdomoni endapo kitu kitaachia, na kwaya ikaanza upya, safari hii kwa sauti ya kutembelea. Tulipofika sokoni wenye maduka walitoka nje. Wateja wa Mama wa chai walisimama na vikombe mikononi. "Ni Mama Mandazi huyo! Ni Mama Mandazi!" Vigelele vikatoka kila upande, vijana wa bodaboda wakawasha pikipiki wakaja nyuma yetu polepole wakipiga honi, na hata wagonjwa waliokuwa wakiota jua kwenye ua wa hospitali walikuja kwenye seng'enge. Mama aliyekuwa karibu kulia sasa alikuwa anacheka, anacheka mpaka shela inapepea mbele ya mdomo wake. Kama gari lile lingekuwa na magurudumu yake, Mutomo ingemwona kwa nukta chache tu na vumbi baadaye.

Mimi nilitangulia na kikapu na nilijua nimeshindwa. Nilikuwa nimezuia gari tu, na kumbe harusi ina miguu.

Kanisa lilikuwa limejaa na watu walikuwa wanajipepea, maana tulikuwa tumechelewa sana. Milango ikafunguliwa, kinanda kikaanza. Nikasukumwa kidogo mgongoni. "Haya, Katunge, mwaga maua."

Mbele kabisa, karibu na Pastor, nikamwona. Alikuwa ametupa mgongo. Suti nyeusi, kichwa kimenyolewa kinang'aa, shingo imefungwa kola nyeupe. Bwana Harusi mwenyewe, bila gari wala maua. Alikuwa amesimama wima na kidole kimoja kinapigapiga paja lake. Nikatafuta Baba kwenye mabenchi upande wa kulia. Nikatafuta upande wa kushoto. Kila mtu nilimwona isipokuwa Baba, na nikajua kwamba Bi Salama hakumleta.

Nikasimama katikati ya kanisa. Mama akanigonga kwa nyuma, wanawake wakamgonga Mama, msafara wote ukakwama. Nikakumbatia kikapu kwa mikono miwili. Hata ua moja sikumwaga. Kinanda kiliendelea kidogo kisha kikanyamaza.

"Katunge," Mama akasema chini ya shela. "Mwanangu, enda."

Nikatikisa kichwa.

Kisha yule mtu wa suti akageuka. Alikuwa na uso mweusi laini, hana ndevu, hana kope nyeupe, na nawaambia kweli, sikumfahamu. Akaniinamia kutoka kule mbele, akaweka kiganja kando ya mdomo kama mtu anayetaka asisikike na wengine.

"KATUNGE!" akanong'ona, na madirisha yakatetemeka. "SONGA MBELE, WATU WAMENGOJA!"

Hakuna mtu mwingine duniani mwenye mnong'ono ule.

"Ni Baba!" nikapiga kelele. Nikamgeukia Mama, nikavuta nguo yake. "Mwaitu, ni Baba! Bwana Harusi ni Baba!" Na nikakimbia, kikapu kikapinduka maua yakamwagika yote mahali pamoja, nikamrukia, na akanidaka.

Pastor alivua miwani. "Kwani ulidhani ni nani?" akauliza.

"Nilidhani ni Bwana Harusi."

"Ndiye huyu," Pastor akasema, na kanisa zima likaangua kicheko ambacho mpaka leo wazee wa pale wakiniona hunikumbusha. Nilishuhudia ndoa nzima nikiwa nimebebwa mkono wa kushoto wa Baba. Alipomfunua Mama shela, nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote, na niliona kwamba wote wawili walikuwa na machozi.

Nilipokuwa mtu mzima Baba aliniambia jinsi alivyongoja pale mbele. Dakika zilivyopita bila gari kuonekana, alianza kufikiri kwamba Mama amebadilisha nia. Kwamba baada ya miaka yote ya kuambiwa mwaka ujao, amekaa kitandani na ile nguo nyeupe na kuamua kwamba basi, imetosha. "Nilisimama pale," akasema, "nikawa napanga vile nitawaambia watu warudi nyumbani." Alidhani anampoteza Mama. Tulikuwa wawili kanisani siku ile tuliokuwa na hofu hiyo hiyo, na yeye alikuwa amenipa mgongo.

Chakula kililiwa nyumbani kwetu. Kyalo alikaa kando yangu na mfupa, akakiri bila haya kwamba alijua tangu mwanzo. "Si ulikuwa unaosha vyombo vizuri," akasema. Nilimmwagia soda.

Lakini watu wazima wengi hawakuwa wakitutazama sisi. Walikuwa wanamtazama Susu. Alikuwa ameingia ndani ya nyumba, akavuka kizingiti ambacho hakuwahi kukivuka, akakaa kwenye kiti cha Baba. Mama, akiwa bado na nguo yake nyeupe na aproni juu yake, akampelekea sahani ya pilau kwa mikono miwili na kupiga magoti. Susu akanawa, akala tonge la kwanza polepole, akala la pili. Akamaliza sahani yote. Akampa Mama ile sahani.

"Ongeza," akasema. "Nyama nayo usiogope."

Mama akaenda jikoni akakaa huko kidogo kabla ya kurudi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu na sahani ilikuwa imejaa hadi ukingoni.

Jioni, wageni wakiwa wamepungua, alinivua gauni la manjano akaona mikwaruzo mikononi mwangu. Akaitazama, akanitazama mimi, akatazama langoni ambako miiba ilikuwa imesukumwa kando. Mama hakuhitaji kuelezwa mambo mara mbili.

"Ulitaka kunizuia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ulidhani naenda na nani, Katunge?"

"Na mtu wa suti."

Akanivuta kwenye mapaja yake, juu ya nguo ile nyeupe yote, na mikono yangu michafu. Nilitegemea kofi na sikulipata. "Sikia," akasema. "Siku nikienda mahali, nitakwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Usimuulize Kyalo." Kisha akaanza kucheka, akamwita Baba aje asikie, na Baba akacheka kwa sauti iliyowafikishia majirani wote habari hiyo.

Shule zilipofunguliwa, mwalimu wetu alitutaka tusimame mmoja mmoja tueleze tulifanya nini likizoni. Mmoja alikwenda Kitui mjini akanunuliwa viatu. Mwingine alichunga ng'ombe. Zamu yangu ilipofika nikasimama nikasema nilienda harusi ya baba yangu na mama yangu.

Darasa likacheka. "Mwongo!" wakasema. "Mtu haendangi harusi ya wazazi wake!" Hata mwalimu alificha mdomo kwa kitabu.

Mimi niliwatazama wote, kutoka benchi la mbele hadi la nyuma, na niliwahurumia kwa dhati.

"Poleni," nikawaambia. "Nyinyi yenu iliwapita."

Nikaketi.